Mrejesho: Daftari la mzee na ngalawa yake

Wakuu, salaam. Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri hapa. Baba, aliyestaafu akiwa msimamizi wa wahasibu, alikuwa ametangulia mbele ya haki, nami nikatakiwa nimzungumzie siku ya hitima. Sikujua nianzie wapi. Mmoja wenu akaniambia niachane na vyeo, nitafute kitu alichokishika kila siku. Nikafungua sanduku lake.

Nikakuta daftari la ngalawa. Kushoto, matumizi: pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa, mafuta ya sifa ya kupaka mbao, misumari, kiraka cha tanga. Kulia, mapato: samaki aina ya changu, tasi na pweza, kila mmoja kapigiwa bei ya sokoni japo tuliwala wenyewe! Hesabu za 1998 ziligoma kwa shilingi 50, kaandika kwa wino mwekundu: "Itafutwe." Kurasa nne mbele: "Imepatikana. Nilimpa mtoto." Mtoto mwenyewe nadhani ni mimi.

Nikausoma ukurasa ule, basi. Wazee walicheka, na mwenzake aliyezoea kutweka tanga naye kutoka Ras Kazone kuelekea kisiwa cha Toten, huko Tanga, akasimulia mzee alivyomdai mchuuzi risiti ya chambo. Mama alicheka huku anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Mlioshauri tuiuze ngalawa, mtusamehe. Mrengu mmoja, ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke, umeoza, fundi kasema unabadilishika, na kaskazi ikianza tutaishusha majini. Daftari nimeliendeleza. Kushoto: mrengu mmoja.