Visiki vya mwarobaini, mjohoro na minazi uwanjani: ning'oe, nichome au niache vioze?

MamaTunu (Kibaha)

Shikamoni wakubwa, na wengine habari za leo.

Naomba ushauri. Tuna kiwanja cha familia hapa Kibaha ambacho baba mkwe alikipanda miti zamani. Mwaka jana tuliikata mingi ili tupate nafasi. Aliyeikata akachukua magogo na matawi, visiki akatuachia.

Viwili vya mwarobaini viko nyuma, palepale tunapotaka kujenga vyumba vya uani na jiko. Cha mjohoro kiko karibu kabisa na ukuta wa jirani, na shimo la maji taka haliko mbali. Vitatu vya minazi viko mbele, ambako nataka bustani ya mchicha, bamia na matembele. Minazi mingine bado tunayo na inazaa vizuri.

Mjohoro umechipua, machipukizi yananifika kifuani. Nikiyafyeka kwa panga yanarudi mengi zaidi. Ya mwarobaini yanatokea hata mbali na kisiki, kwenye mizizi.

Jirani anasema nitoboe nijaze chumvi ya mawe. Mwingine anasema nimwagie oili chafu ya gari. Mwenye kijiko, ile mashine ya kuchimba, anasema atamaliza vyote kwa muda mfupi, ila tubomoe kipande cha ukuta apite. Fundi wetu naye anasema visiki havina shida, atapitisha msingi juu yake. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Pesa yetu ni ya kudunduliza. Nianze wapi?

MzeeMtaimbo (Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Kazi ya kung'oa visiki kwa mkono nimeifanya tangu ujana, kwa wanaojenga na kwa wenye mashamba, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwanza fundi wako. Usimkubalie hata kidogo. Kisiki ni mti, na mti ukishakufa ardhini huoza. Ukioza unaacha shimo, na kilichokaa juu ya shimo hushuka. Kuta zitapasuka miaka kadhaa baadaye, fundi ameshalipwa na ameshahama. Halafu mchwa huifuata mizizi iliyokufa hadi chini ya sakafu, na kutoka hapo hupanda kwenye fremu za milango na mbao za paa. Mahali pa msingi, kisiki kinatoka chote pamoja na mizizi minene. Hakuna mjadala.

Ila si kila kisiki kinastahili jasho hilo. Kabla hujalipa mtu, jiulize pale patakuwa nini. Pa kujengwa, ng'oa. Pa bustani, mara nyingi kuua na kufukia kunatosha. Pembeni mwa ukuta ni hatari kuvuta, kwa hiyo ua mti kisha uuache mahali pake.

Nianze na mwarobaini. Mzizi wake mkuu huenda chini sana, na mbao yake mchwa hawaipendi, kwa hiyo usitegemee ioze upesi. Machipukizi ya mbali unayoyaona ndiyo tabia yake: mizizi ikijeruhiwa huotesha miche mipya. Tafuta vijana wawili wenye sururu, chepe, shoka na mtaimbo. Siku ya kuamkia kazi mwagieni maji mengi kukizunguka kisiki. Udongo wa Kibaha sehemu nyingi ni wa kichanga, ukilowa unachimbika vizuri. Chimbeni mtaro kuzunguka kisiki, muanzie kama urefu wa mkono kutoka kwenye gome, mkifuata mizizi ya pembeni mmoja mmoja. Kila mzizi uoshwe au upigwe brashi kabla ya kukatwa, kwa sababu mchanga unaua makali ya shoka kuliko mti wenyewe. Kateni kila mzizi mara mbili, karibu na kisiki na kule mbali, mtoe kipande cha katikati ili mpate nafasi ya kuingia chini. Mzizi mkuu mtaukuta mwisho. Mkifika hapo msianze kuvuta kwa pupa. Wekeni ubao mnene chini, juu yake jeki ya lori, muinue upande mmoja hadi mzizi ukaze, ndipo mkate. Mzizi uliokazwa hukatika kwa mapigo machache.

Msifunge kamba ya nailoni kwenye gari na kuvuta. Kamba ikikatika inarudi kwa nguvu ya kumuua mtu. Nimeshuhudia ikivunja kioo cha nyuma cha gari, na lau mtu angekuwa amesimama pale, tungezika.

Mjohoro usiuvute. Mizizi yake bila shaka imeshapita chini ya ukuta, na pengine imeshalifikia shimo la maji taka kwa sababu mizizi hufuata unyevu. Ukivuta kisiki unavuta na tofali za jirani. Fanya hivi: fukua udongo kukizunguka hadi uone mizizi inapoanzia, kisha umenye gome lote, kuanzia juu hadi chini ya usawa wa ardhi. Machipukizi hutokea chini ya gome. Pasipo gome hayana pa kutokea. Kila chipukizi jipya lichomolewe kwa mkono likiwa changa. Panga linakata juu na kuacha macho mengine chini, ndiyo maana yanarudi mengi. Kisiki kisichoona jani kitamaliza akiba iliyo kwenye mizizi na kufa. Huhitaji dawa.

Sasa minazi, na hapa nasisitiza. Umesema una minazi mingine inayozaa. Usiviache visiki vile vioze juu ya ardhi! Mnazi unaooza ndio nyumba ya chonga, yule mdudu mwenye pembe anayeshambulia minazi. Mayai hutagwa humo, funza wake wakubwa weupe hukulia humo, na chonga akishakomaa huruka usiku kwenda kutoboa kilele cha mnazi mzima. Ukiona makuti mapya yanafunguka yakiwa yamekatwa mshazari kama kwa mkasi, ujue ameshafika. Mnazi mchanga hufa kabisa akiufikia moyo. Bahati yako ni kwamba mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi myembamba inayotoka kwenye kitako. Chimba kuzunguka, ikate kwa mtaimbo uliochongoka, utashangaa kisiki kinavyolegea na kutoka kizima. Kipasue, kikaushe, ukichome mbali na nyumba. Ukikuta funza ndani, wape kuku.

Chumvi na oili chafu, hapana kwa vyote viwili. Chumvi itaiharibu ardhi unayotaka kulima, na ikifika kwenye zege inatafuna nondo. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula nondo. Oili chafu ni sumu, hainyauki, na mvua itaipeleka kwenye kisima cha mtu.

Karama_Malindi

Salaam Mama Tunu. Mzee amesema kweli kuhusu mwarubaini. Kwetu Malindi tunao mpaka kwenye nyufa za kuta.

Naongeza kidogo kuhusu dawa, kwa wasioweza kumenya gome. Dawa ya magugu yenye glaifoseti hufanya kazi kwenye kisiki iwapo tu itapakwa mara baada ya kukata, kidonda kikiwa kibichi. Haipakwi katikati. Ile sehemu nyeusi ya katikati ya mti imeshakufa zamani. Paka kwa brashi kwenye duara la nje, jembamba, mara tu baada ya gome. Chako kimekatwa tangu mwaka jana, kwa hiyo ukipaka hivyo kilivyo unapoteza pesa. Itabidi ukate tena kipande chembamba kwa juu, upake hapohapo. Vaa glavu, na watoto wawe mbali. Na kama kuna mti wa aina hiyohiyo unaoutaka ulio karibu, acha kabisa, kwa sababu mizizi ya miti jirani wakati mwingine huungana chini na dawa huvuka.

MamaTunu (Kibaha)

Asanteni sana, Mzee na kaka Karama. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba kisiki cha mnazi kinaweza kuwaletea wenzake maradhi.

Swali: vipi kuchoma visiki vya mwarobaini hapohapo vilipo? Shemeji yangu anasema kule kwao wanatoboa kwa keekee, wanajaza mkaa, wanawasha. Na je, kwa nini nisiite kijiko tu na kumaliza?

Kongwa_Kwetu (Dodoma)

Dada, kuhusu mashine wacha niseme kama mtu wa Kongwa. Waingereza walikuja hapa 1947 na mpango wao wa karanga, wakilenga kusafisha ekari 150,000 mwaka wa kwanza. Walileta matrekta mengi, mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, na walivuta mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili ili kuangusha vichaka. Miti iliyokuwa juu ilianguka. Mizizi iliyobaki ardhini ndiyo iliyowashinda, ikavunja majembe na vifaa, na sehemu ndogo tu ya lengo lile ikapandwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameshateketea. Wazee wetu walikuwa wakilisimulia hilo kwa uchungu kwa sababu ardhi yao ndiyo iliyochanwa.

Kijiko ni kizuri penye uwazi na visiki vingi. Kwako kuna ukuta, shimo la maji taka na bomba la maji. Ukijumlisha gharama ya kubomoa na kujenga ukuta upya, vijana wenye sururu watakuwa nafuu.

MzeeMtaimbo (Bagamoyo)

Kuhusu moto, mwanangu: kwenye shamba lililo wazi, masika yakiwa yameanza, sawa. Katikati ya nyumba za watu, hapana. Moto huingia kwenye mzizi mkavu na kutembea chini kwa chini taratibu, hauonekani, ukaja kutokea mbali ukutane na makuti au bomba la plastiki. Tena ukichoma unapata majivu ya juu tu, mizizi minene inabaki, na wewe unataka msingi pale. Utachimba vilevile.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kufukia. Kisiki kikitoka kinaacha shimo kubwa, na vijana watataka kurudisha udongo uleule wenye mizizi na majani, wakanyage kwa miguu, wachukue hela yao. Kataa. Toa vipande vyote vya mizizi, kisha jaza kifusi kizuri au moramu, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka kama sentimita 15, mwagia maji kiasi na ushindilie kabla ya kuweka la pili. Wewe au mumeo mwe pale wakati huo. Udongo mweusi wa juu upeleke kwenye matembele yako, utakufaa.

Bei patana kwa kisiki, usipatane kwa kutwa, na kabla ya kuanza mkubaliane kwamba kufukia kumo kwenye bei. Nusu ya mwisho uitoe shimo likiwa limeshindiliwa. Anza na minazi, ni rahisi, utawajua vijana wako wanavyofanya kazi kabla ya kuwapeleka kwenye mwarobaini. Na kabla hujagusa mjohoro, mwambie jirani, ukuta ni wake.