Gemu za RPG za mtandaoni: nini hasa kinawashika watu, na laini ya Mbeya itabeba?

Steshenari_Mwanjelwa:
Habari zenu wakuu. Nina kompyuta sita za RAM 4 GB hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ruta moja ya 4G. Wanafunzi wa chuo wananiomba niweke gemu za RPG (zile za kukuza mhusika wako levo kwa levo) za kucheza watu wengi mtandaoni. Wametaja Old School RuneScape na Albion Online. Nimezoea wateja wa mpira: mechi dakika kumi, anaamka, anakaa mwingine. Hawa wanataka saa mbili mbili kwa mkupuo. Kwanza, nini kinawavuta humo, maana picha za RuneScape ni za kizamani kabisa? Pili, mtandao wetu huku utabeba, au watu watadai warudishiwe hela?

Mvuvi99:
Mkuu, ukizima kompyuta kwenye mpira, mechi imekwisha. Gemu hizi dunia yake iko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zisizozimwa. Mteja wako akiondoka kwenda darasani, soko la mle ndani linaendelea, bei zinapanda na kushuka, na kesho anamkuta mhusika wake na kila alichochuma. Ndiyo maana picha za kizamani haziwasumbui.

Chukua kambakoche wa Old School RuneScape. Anayeanza anavua uduvi kwa wavu mdogo, levo 1. Ili avue kambakoche anahitaji levo 40 ya uvuvi pamoja na mtego wake, na kumpika ni levo 40 ya upishi. Hata hapo ataunguza wengi, na kila anayeungua ni hasara. Upishi ukifika levo 74 ndipo haungui tena. Aliyeiva anarudisha pointi 12 za uhai, kwa hiyo wapiganaji wanamnunua kwa mamia kabla ya kwenda vitani. Mvuvi anapeleka mzigo soko la Grand Exchange, anapanga bei, anasubiri. Asiyelipia uanachama ana nafasi 3 tu za kuweka oda, mwanachama ana 8. Anayenunua upande wa pili ni mtu halisi, mwenye haraka zake. Kijana aliyeona viazi vya Uporoto vikishuka bei wakati wa mavuno hahitaji kufundishwa jambo hili.

Kuna na uzito wa levo. Levo ya juu kwa kila fani ni 99, na inataka pointi 13,034,431 za uzoefu. Levo za mwanzo zinapita kwa dakika. Ukifika 92 unadhani umebakiza kidogo, kumbe hapo ndipo nusu ya safari, maana ngazi inaongezeka mwinuko kila unapopanda. Hakuna njia ya mkato inayokubalika, kwa hiyo mtu akikutana na mwenye joho la 99 anajua amefanya kazi gani. Heshima ya namna hiyo mechi ya dakika kumi haiwezi kuitoa.

Albion Online inashika kwa njia nyingine. Ilitoka mwaka 2017, ikaja kwenye simu mwaka 2021, na karibu kila upanga na kila koti humo limetengenezwa na mchezaji kwa malighafi alizochimba mchezaji. Maeneo yamepakwa rangi. Ukiangushwa kwenye buluu na njano, vifaa vyako vinabaki. Ukiuawa kwenye nyekundu au nyeusi unaacha kila ulichobeba, na kingi anakiokota aliyekuua. Wengi wanaoacha gemu hii wiki ya kwanza wameingia eneo jekundu na seti yao pekee. Kanuni ni moja: usivae usichoweza kukinunua tena mara tatu.

Dada_wa_Kihesa:
Naongeza upande wa watu, maana Mvuvi99 ameegemea mali. Richard Bartle, aliyetengeneza MUD, gemu ya maandishi ya watu wengi, na Roy Trubshaw pale Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wako wa aina nne: wa kutimiza malengo, wa kuchunguza dunia, wa kujumuika, na wa kupambana na wenzao. Kwa steshenari yako ina maana hii: wa kujumuika atataka spika za masikioni zenye kipaza sauti na jirani wa kuongea naye, wa malengo atataka kona tulivu asisumbuliwe. Usiwachanganye benchi moja.

Kinachomfanya mtu arudi hata akiwa amechoka ni kwamba kuna wenzake wanamsubiri. Kwenye World of Warcraft pango la kawaida linataka watu watano: mmoja wa kubeba mapigo, mmoja wa kuponya, watatu wa kushambulia. Mponyaji asipotokea, wanne wamekaa tu. Na kosa linaloua vikundi vya wageni ni lile lile kila siku. Adui anampiga aliyemchokoza zaidi. Katika toleo la Classic, mshambuliaji wa karibu akivuka asilimia 110 ya uchokozi wa mbeba mapigo, adui anamgeukia yeye; wa mbali ni asilimia 130. Wageni wanaanza kupiga papo hapo, adui anageuka, mponyaji anaishiwa nguvu akiokoa asiyestahili kupigwa, wote chini. Dawa ni kungoja sekunde mbili tatu mbeba mapigo amkamate adui kwanza. Vijana wakijifunza kungojana hivyo wanakuwa kikundi kweli, na kikundi hakihami steshenari kirahisi.

Ila World of Warcraft yenyewe usiifikirie kwa RAM ya 4 GB.

Nyaya_na_Ruta:
Nijibu la mtandao. Kutoka Mbeya hadi London ni kama kilomita 7,400 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 74 hata ungekuwa na laini ya dhahabu. Nyaya hazinyooki: data inashuka Dar es Salaam kwanza, ndipo inaingia baharini. Ukiona pingi (huo muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde) inazunguka 200 kwa seva ya Ulaya, usiite fundi.

RuneScape inavumilia hali hiyo kwa sababu seva yake inafanya hesabu kila baada ya sekunde 0.6. Bonyezo likifika ndani ya muda huo linaingia zamu hiyo hiyo, pingi iwe 60 au 200. Mwambie mteja achague dunia (ndivyo RuneScape inavyoita seva zake) za Uingereza au Ujerumani. Albion inahisi zaidi. Chagua seva ya Ulaya tangu siku ya kwanza, maana seva zake zimetenganishwa kabisa, na mhusika aliyeanzishwa kwenye seva ya Marekani mteja hatamkuta kwenye ya Ulaya.

Kinachoua ni pingi kurukaruka. Fungua Command Prompt, andika ping 8.8.8.8 -t, iache dakika kumi watu wote sita wakiwa kazini. Ukubwa wa namba yenyewe usikushughulishe sana, maana jibu linaweza kutoka karibu, si Ulaya. Angalia kama inaruka kutoka 40 hadi 600, au kama inaandika Request timed out. Ikifanya hivyo, mara nyingi mwizi ni Windows inayojipakulia masasisho. Ingia Settings, Network & internet, washa Metered connection kwenye kila kompyuta. Gemu zenyewe zikishapakuliwa zinakula data kidogo sana. Video moja ya YouTube kwenye kompyuta ya pembeni inawasumbua wote watano.

Ruta iweke juu, dirishani, na uifungie kwenye 4G pekee. Ikiachwa ichague yenyewe, mvua ikinyesha inashuka 3G na kupanda tena, na kila kuhama mchezaji anatupwa nje.

Umeme: ruta ya volti 12, ampea 1 ni wati 12. Betri ya volti 12, ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa tatu na nusu. Kompyuta ziwe na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hata ya dakika tano. RuneScape haikuruhusu kutoka mpaka sekunde 10 zipite tangu pigo la mwisho, na laini ikikatika katikati ya vita mhusika anabaki amesimama anapigwa.

Steshenari_Mwanjelwa:
Nimeelewa, ahsanteni sana. Kompyuta ni za wote, kila saa anakaa mtu mwingine. Akaunti zao zitakuwa salama?

Mvuvi99:
Hapo uwe mkali, mkuu. Wateja wapewe akaunti ya Windows isiyo ya msimamizi ili asiwepo wa kusakinisha programu ya kunasa vibonyezo. Jagex Launcher, programu ya kuingilia RuneScape, inamkumbuka aliyeingia, kwa hiyo kufunga dirisha hakutoshi, lazima atoke kwenye akaunti yake. Bandika karatasi juu ya skrini. RuneLite, programu nyingine ya kuchezea RuneScape, uipakue mwenyewe runelite.net, usifuate matangazo yanayotokea juu kwenye utafutaji, kuna za bandia zinazoiba nywila. Kila mteja awashe uthibitisho wa namba kwenye simu yake kabla hujampa kiti.

Na wageni uwaonyeshe kwa kidole dirisha la kubadilishana mali. Yako mawili. Kwenye la kwanza tapeli anaweka sarafu milioni 10, anaitoa, anairudisha, na mara ya mwisho inakuwa milioni 1. La pili ndilo linaloonyesha kilichobaki kweli, kwa maandishi. Asome namba hiyo tarakimu kwa tarakimu ndipo akubali, hata kama mwenzake anamwandikia "haraka haraka".