Tupeane uzoefu: Mark X, Crown na jamaa zake wanakula lita ngapi safari ndefu, kwa tulio Tabora na Kigoma?

Mzee wa Ipuli (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa sedani zenye nguvu zikiwa barabara kuu: Mark X, Crown Athlete, Legacy B4 na za aina hiyo. Mizunguko ya sokoni na foleni za stendi tuziache. Lete namba, na useme umeipataje. "Inanusa tu" au "inakunywa kama ng'ombe wa Igunga" haimsaidii mtu anayetaka kujua kama atafika Manyoni na kurudi bila kupitia sheli.

Tupime kwa njia moja ili namba zilingane. Jaza fulu tenki. Pampu ikikata yenyewe mara ya kwanza, basi, usimruhusu mhudumu aendelee kubinya mpaka hela itimie namba ya duara. Rudisha trip mita kwenye sifuri. Ukirudi jaza tena, ikiwezekana pampu ileile na gari likiwa limeegeshwa vilevile, maana kituo chenye mteremko kinabadilisha kiasi tenki linachopokea. Likate mara ya kwanza tena. Kilomita za trip gawa kwa lita za mjazo wa pili. Namba ya wastani inayoonekana kwenye dashibodi inafaa kulinganisha safari yako ya leo na ya juzi, lakini usije nayo hapa, mara nyingi inampendelea mwenye gari.

Umbali nao una sauti. Tabora hadi Nzega ni karibu kilomita 115. Gari likila lita 9.5 umepata kilomita 12.1 kwa lita. Mhudumu akikubinyia lita 2 za ziada, gari lilelile, dereva yuleyule, linasoma 10. Kwenda Manyoni na kurudi ni karibu kilomita 520: kwa lita 42 ni 12.4, na kosa lilelile la lita 2 linakushusha hadi 11.8 tu. Chini ya kilomita 300 namba yako ni tetesi.

Kianzio: Mark X ya 2.5, ile injini ya 4GR-FSE, ikiwa nzima, watu wawili na mabegi, AC imewashwa, mwendo wa 90 hadi 100 kwenye lami iliyonyooka, tegemea 12 hadi 13. Ukishikilia 120 utashuka 10 na kitu. Ikiwa chini ya 10 kwenye mkeka kama ule wa Itigi, ama gari linaumwa ama mguu wa dereva unaumwa.

Kijana wa Nzega

Shikamoo mzee. Kabla ya kuamini kilomita, tazama saizi ya tairi. Wengi wanatoa 215/60R16 wanavaa 215/65R16 ili gari linyanyuke kidogo kwa ajili ya matuta. Kipenyo kinatoka milimita 664 kwenda 686, ongezeko la asilimia 3.2. Odometa haijui hilo. Ikikuambia 500 umekwenda kama 516, kwa hiyo gari linakula vizuri kuliko unavyodhani. Kinyume chake ni wenye rimu za 18 wanaovaa 225/40 badala ya 225/45: kipenyo kinapungua zaidi ya asilimia 3, odometa inakimbia mbele, halafu mtu anakuja kutamba na 13.5 ambayo kwa haki ni 13.

Na usisahihishe kwa kulinganisha mshale wa spidi na GPS ya simu. Mshale hutengenezwa usome juu kidogo makusudi, odometa haina tabia hiyo. Linganisha kilomita na kilomita: washa programu ya ramani, tembea angalau 50, ndipo utapata asilimia yako.

Fundi Mwanga, Kigoma

Gari likija na lalamiko la kula mafuta, mwenyewe ameshabadilisha plagi na kusafisha nozeli, hela imekwenda. Mimi huanza na vitu vinavyozuia gari kutembea kabla ya kugusa injini.

Breki kwanza. Tembea kilomita 20 au 30 barabara kuu, mwishoni acha gari lipungue lenyewe mpaka karibu lisimame, breki iguse kidogo tu. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia kwa mhimili mmoja, usilinganishe mbele na nyuma. Upande mmoja ukipuliza joto na mwenzake umetulia, pini za kalipa zimekauka. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji ya mvua linaganda humo kama udongo wa chungu. Fungua boliti mbili, chomoa pini, futa mpaka ing'ae, paka grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi usiweke, inavimbisha mpira wa pini na baada ya miezi michache uko palepale. Kama pini ni safi na kalipa bado imeng'ang'ania, tatizo ni pistoni, na hapo tafuta ripea kiti. Nyuma angalia na breki ya kuegeshea, ambayo kwenye Mark X inakanyagwa kwa mguu: waya ukiwa mzito viatu haviachii vyote.

Pili, thamostati. Hii ndiyo inayonikera. Gari lilichemka siku moja, fundi akaitoa thamostati kabisa "ili maji yazunguke", na mwenye gari akarudishiwa funguo bila kuambiwa. Injini sasa haifiki joto lake. Kompyuta inaona bado ni ya baridi, inaendelea kurutubisha mchanganyiko, na gia boksi nayo inachelewa kufunga. Chomeka kifaa cha OBD cha kusoma kompyuta ya gari, hivi vidogo vinavyoungana na simu, utazame joto la maji ukiwa kwenye 90. Likikaa chini ya 75 wakati gari limeshatembea nusu saa, thamostati haipo au imekwama wazi. Kama lilichemka, dawa ilikuwa rejeta, feni au kifuniko cha rejeta.

Tatu, gia ya 6 na kile kifungio cha ndani ya toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi. Kwenye 100 tambarare, Mark X ya 2.5 inatakiwa isome mizunguko karibu 2,000. Ikisoma 2,300 na zaidi, uko gia ya 5: mkono wa gia umeegemea S, au kitufe cha PWR (cha nguvu) kimewashwa, au oili ya gia ni ya baridi. Ikisoma sawa lakini ukigusa pedali kidogo mizunguko inaruka 200 au 300 kabla gari halijaongeza mwendo, kifungio hakijashika. Uliza nini kiliwekwa kwenye gia boksi. Gia boksi hii inataka oili ya Toyota iitwayo WS. Oili nyingine nyekundu si mbadala hata muuza duka akiapa.

Injini inakuja baada ya hayo. Plagi ni 6, za iridiamu, mwanya milimita 1.1. Bandia zimejaa, na dalili unaiona kwa macho: ncha ya iridiamu halisi ni nyembamba kama sindano na weldi yake ni mviringo safi, ya bandia ni nene, imekaa upande, na maandishi kwenye kauri yanafutika kwa kucha. Usipinde ncha kurekebisha mwanya, inakatika. Sensa ya hewa puliza kwa spreyi yake maalumu na uiache ikauke. Petroli na spreyi ya kabureta zinaiua.

Ukishakuwa na OBD, soma masahihisho ya muda mrefu ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli), pande zote mbili za V6. Kati ya −5 na +5 tulia. Zote mbili +10 au zaidi: hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, paipu ya kati ya ea klina na throto imepasuka, au sensa ya hewa ni chafu. Upande mmoja tu umekwenda mbali: sensa ya mchanganyiko ya upande huo, au nozeli. Zote −10: mafuta yanazidi, nozeli zinavuja au sensa ya hewa inadanganya.

Halafu ile 4GR inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haioshi valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi yanajenga juu yake. Asubuhi injini inatetemeka, ikipata moto inatulia, na mafuta yanapanda polepole mwaka hadi mwaka. Dawa za kumwaga kwenye tenki hazifiki pale. Ni kufungua manifoldi na kusafisha valvu zikiwa zimefungwa, silinda moja baada ya nyingine, uchafu ukifyonzwa usidondoke ndani.

Mama Asali, Tabora

Kaka Fundi umemaliza, ila hamjagusa mzigo. Dumu la lita 20 la asali halina kilo 20, lina kama 28. Madumu manne kwenye buti ni mtu mzima na nusu, zaidi ya kilo 110. La mawese kutoka kwenu Kigoma ni kilo 18 hivi. Ukiripoti namba sema mzigo, na upepo wa tairi za nyuma uongezwe kufuata safu ya "mzigo kamili" kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Kipimo kiwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Geji za mafundi pancha zinatofautiana, na tairi lililotoka safari linasoma juu kwa psi 3 hadi 5. Kibandiko kikisema 230, hizo ni kilopaskali, yaani psi 33.

Dereva wa Kasulu

Wenzetu wa Tabora mna tambarare, huku ni vilima. Hesabu rahisi: gari la kilo 1,600 pamoja na watu, kila mita 100 za wima linakula karibu lita 0.16 za ziada. Ziwani tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora kama 1,200. Tofauti hiyo peke yake ni lita 0.7. Ukipima kupanda tu unalionea gari, ukipima kushuka tu unalipendelea. Pima mzunguko mzima.

Kruzi (inayoshikilia mwendo yenyewe) tumia kwenye tambarare, kwenye vilima zima. Inang'ang'ania 100 mpaka gia inarudi ya 4 na injini inalia. Kwa mguu, ongeza kidogo kabla ya kilima, kisha acha mwendo ushuke hadi 85 ukiwa gia ya 5 au ya 6. Mteremkoni, wale wa kuweka neutral waache. Ukiwa kwenye D na mguu umeondoka, kompyuta inakata petroli kabisa. Kwenye neutral injini inahitaji mafuta ya kujiendesha yenyewe, na breki zote zinabaki juu ya pedi. Unapoteza mara mbili.

Mzee wa Ipuli

Asante Dereva. Na vijiji? Kutoka hapa hadi Nzega ni 50, rasta, tochi, halafu tena 100.

Dereva wa Kasulu

Mzee, kutoka 50 kurudi 100 ni kama mililita 50, vijiko vitatu vikubwa. Vijiji 20 ni lita nzima. Huwezi kuvikwepa, ila ukiona kibao ondoa mguu mapema, mita 300 kabla, gari lishuke lenyewe bila petroli. Anayefika na 100 halafu akabonyeza breki amelipa vile vijiko na hakupata kitu. Kuovateki malori ya tumbaku ni hesabu hiyohiyo: subiri nafasi ukiwa nyuma kwa umbali, usikae kwenye mkia wake ukipanda na kushuka 60, 80, 60.

Kijana wa Nzega

Swali: Crown ya 3.5 si itakuwa balaa?

Fundi Mwanga, Kigoma

Kwenye 100 isiyobadilika si balaa. Upepo hauulizi injini ni ya cc ngapi, na kutoka 100 kwenda 120 ukinzani wake unapanda asilimia 44 kwa gari lolote. Tofauti na 2.5 ni kama kilomita moja kwa lita. Balaa ni mjini na kwenye kuovateki. Legacy ya turbo ndiyo ngumu zaidi: magurudumu yote yanavutwa muda wote, na turbo ikijaza, kompyuta inaongeza petroli kupoza chumba cha mwako. Iendeshe chini ya busti, yaani turbo isijaze, utaona 10 au 11. Ikipuliza kila kilima, 7.

Mama Asali, Tabora

Na petroli ya madumu? Mbele ya Kaliua mtu akiishiwa ananunua ya kando ya barabara.

Fundi Mwanga, Kigoma

Dada, kwa 4GR usithubutu. Pampu ya presha kubwa inalainishwa na petroli yenyewe. Ikiwa imechanganywa mafuta ya taa au ina maji, pampu na nozeli zinachubuka, na hizo si za kusafisha, ni za kununua. Ya sheli angalau ina vinasaba vinavyoweza kukaguliwa. Tenki la Mark X ni lita 71. Hesabu 60 za kutumia kwa kilomita 10 kila lita, hizo ni 600. Jaza Tabora mjini, au Uvinza ukitokea huku, taa isikukute katikati. Ukilazimika kabisa, mimina kwenye chupa angavu, iache dakika 10, itazame chini dhidi ya jua. Ukiona mstari au matone yanayotembea, hayo ni maji.

Kijana wa Nzega

Mafuta ya taa yaliyochanganyika yataonekana kwenye chupa?

Fundi Mwanga, Kigoma

Hapana. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kavu, mbali na moto. Petroli safi inakauka dakika chache bila alama. Ikibaki doa la mafuta linaloteleza kidoleni, rudisha dumu.