Fomu wani wananiangalia tu nikifundisha kwa Kiingereza, nifanyeje?

Ticha_Baiolojia
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri hasa kutoka kwa walimu. Nafundisha Baiolojia sekondari ya kata huku upande wa Kisesa, fomu wani ninao 87 kwenye chumba kimoja, madawati tuyaache kwanza. Shida yangu ni lugha. Hawa madogo wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, nyumbani wengine ni Kisukuma mwanzo mwisho, halafu Januari wakivuka geti tu kila kitu Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili. Orientesheni, yale mafunzo ya Kiingereza ya kuwaandaa, walifanya ndio, ila ile ni kama kumfundisha mtu kuogelea ufukweni kisha unamtupa katikati ya ziwa.

Juzi nimefundisha "cell" kipindi kizima, nikauliza "Do you understand?", darasa zima "Yeees sir!" mpaka bati linatikisika. Nikasema haya nani ataniambia cell ni nini kwa Kiingereza chochote. Kimya. Binti wa mbele akanyoosha mkono nikafurahi kweli, akasimama: "Mwalimu naomba kwenda chooni."

Lakini kilichoniuma zaidi ni dogo mmoja, baba yake ni mvuvi. Testi kapata 4 kwa 50. Break namkuta anawaelekeza wenzake jinsi ya kujua sangara aliyelala, yaani asiye mbichi tena, anaonyesha kwa mikono unavyofunua lile shavu uangalie rangi ndani, nyekundu mbichi au imeshaanza kuwa kahawia, halafu unabonyeza nyama uone kama inarudi. Yaani anafundisha kuliko mimi! Huyo huyo darasani bubu.

Nikichanganya Kiswahili naambiwa nawadumaza, mlango wa ofisi yetu umebandikwa "No English No Service". Nikikomaa na Kiingereza naongea na ukuta. Tafadhali msiniambie wasome vitabu vya hadithi, maktaba yetu ni kabati na ufunguo anao mtu aliyehama.

Mzee_Chaki
Kijana wangu pole. Nilianza kushika chaki 1986 baada ya kutoka chuo cha ualimu Butimba, wakati huo tulikuwa bado tunabishania ripoti ya Tume ya Makweta ya 1982 iliyotaka sekondari ihamie Kiswahili. Ikaishia kabatini, labda hilo hilo lako. Sera ya elimu ya 2014 nayo ikaja na lugha zote mbili, mtihani ukabaki Kiingereza, kwa hiyo usisubiri mtu akuamulie, watoto wako wanazeeka.

Kwanza acha kuuliza "Do you understand". Hiyo kwao ni salamu, kama shikamoo marahaba, jibu wanalijua toka darasa la tatu. Waambie wakuonyeshe. Chora vitu viwili ubaoni, useme sentensi, wanyooshe kidole kwenye kilicho sahihi. Anayeelewa utamwona bila kumlazimisha aongee.

Pili, walimu wa sayansi mnahangaika na maneno makubwa bure. "Mitochondria" mtoto atalikariri, ni jipya kwa kila mtu hata kwa Mwingereza. Yanayowaua ni madogo: unless, whereas, consists of, therefore. Na yale yenye sura mbili. Mwanafunzi kasoma msingi kwamba "table" ni meza, unamwambia "periodic table" anatafuta meza. "Matter" anajua ni jambo, "solution" ni jibu, na kwenye Fizikia ukisukuma ukuta mpaka jasho likutoke unaambiwa hujafanya "work" yoyote. Hapo mtoto si mjinga, ana haki ya kuchanganyikiwa. Niliwahi kusahihisha swali la "Account for...", yaani toa sababu, nikakuta mtoto kaandika habari za kufungua akaunti benki, nusu ukurasa, na mwandiko mzuri. Baada ya hapo nikawa kila Ijumaa natumia dakika kumi kwa maneno ya kuulizia tu, state ni kutaja, explain ni kutaja NA kusema kwa nini, differentiate usieleze kimoja ukaacha kingine. Wengi wanakosa maksi kwa sababu wameorodhesha palipotakiwa maelezo.

Simba_wa_Igoma
Mnawadekeza. Sisi tulivalishwa kibao shingoni ukikamatwa unaongea Kiswahili, na leo tunaongea Kiingereza safi. Ticha kaza hapo hapo.

Nesi_wa_Buchosa
@Simba_wa_Igoma kibao nimekivaa na mimi ndugu yangu, kilinifundisha kunyamaza. Ukinyamaza hukamatwi, ndo mbinu tuliyokuwa nayo, saa ya mapumziko tunaongea kwa ishara kama mabubu. Halafu sisi Wasukuma L na R zinatupiga chenga hata kwenye Kiswahili, siku moja nikasimama kwenye Baiolojia nikasoma "The river produces bile", liver ambayo ni ini nikaigeuza mto. Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka mpaka akakaa. Sikunyoosha mkono tena mpaka fomu tuu inaisha. Sasa hivi nafanya kazi wodini, ini nalijua vizuri sana, ila nikitaka kulitaja kwa Kiingereza mbele ya daktari bado najiuma kwanza kimoyomoyo. Ticha chochote utakachofanya usiruhusu wacheke.

Dada_Kisiwani
Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, niko Ukerewe. Nisikilize mwalimu mwenzangu maana haya nimeyajaribu na darasa la 90 na kitu, sio ya semina.

Wape dakika tatu wazungumze wawili wawili kwa lugha yoyote wanayotaka, hata Kikerewe, hata Kijita. Usiogope kelele. Lengo ni wazo liive kwanza, maana unamdai mtoto vitu viwili kwa wakati mmoja, afikirie kitu kigeni na akiseme kwa lugha ngeni, lazima kimoja kidondoke. Wakimaliza wanatakiwa wakuletee sentensi MOJA ya Kiingereza kwa kila jozi, na hiyo sentensi unawapa mifupa yake ubaoni:

The ______ is found in the ______. It helps the cell to ______.

Wao wanaweka nyama. Mwezi wa kwanza mifupa mirefu, baadaye unaanza kuifupisha, mwisho unaacha maneno mawili ya mwanzo tu. Ukiwapa mifupa mwaka mzima watakuwa mafundi wa kujaza nafasi, hilo kosa nililifanya mimi mwenyewe.

Na huyo mtoto wa mvuvi mtumie. Mwenzangu wa Baiolojia alikuwa anahangaika na osmosis, yaani maji kupenya utando kwenda upande wenye chumvi nyingi, nikamwambia anza na kayabo, yule samaki wa chumvi. Akaingia akauliza kwa Kiswahili, ukimpasua sangara ukampaka chumvi ukamlaza, chini kunatokea nini? Darasa zima likalipuka, maji yanachuruzika! Kwa nini? Chumvi inavuta maji! Akaandika ubaoni "Salt draws water out of the fish", wakasoma. Hapo ndipo akaleta kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, kikalegea wakakishika kwa mikono yao, kisha sentensi ya kitabu yenye "semi-permeable membrane" ikaja ya mwisho kabisa, siyo ya kwanza. Kiswahili kilichukua kama dakika sita kati ya arobaini. Sasa hapo nani kadumazwa?

Mzee_Chaki
Hiyo ya kayabo nzuri, ila mwambie mwenzako aongeze kwamba chumvi nayo inaingia ndani ya nyama, kwa hiyo sio osmosis peke yake. Kuna mtoto mjanja atauliza mbona kayabo ina chumvi mpaka ndani.

Dada_Kisiwani
Aliulizwa kweli mzee wangu, kipindi hicho hicho 😂

Mama_Dagaa
Samahanini mimi sio mwalimu, naanika dagaa Igombe. Mwanangu yuko fomu wani, Kiingereza sijui hata cha kuombea maji, nawezaje kumsaidia nyumbani? Maana akirudi namwona anakariri tu madaftari huku anatembea.

Dada_Kisiwani
Mama yangu shikamoo. Hujui Kiingereza lakini akili unayo, inatosha. Akikariri mwambie funga daftari, nieleze leo mmesoma nini, kwa Kisukuma au Kiswahili. Akishindwa kukueleza wewe mama yake ujue hata kwa Kiingereza hajaelewa, kesho akaulize. Akiweza, mwambie sasa niambie hicho kitu Kiingereza kinaitwaje, akutajie wewe urudie. Akikusahihisha ndo anajifunza hivyo, na atakusahihisha kwa raha zake.

Ticha_Baiolojia
Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita. Asanteni, na mzee shikamoo.

Karatasi za manila hakuna, nimeomba maboksi ya sabuni kwa muuza duka nikayapasua, nayabandika maneno matano kila kipindi, Kiingereza juu, Kiswahili chini, mchoro pembeni. Kazi ya mawili mawili siku ya kwanza ilikuwa soko la Mwaloni kabisa, makamu mkuu akachungulia dirishani akidhani darasa halina mwalimu. Siku ya tatu wakatulia. Nisidanganye, kuna kama ishirini hivi bado wananitazama tu, wengine nimegundua hata kusoma Kiswahili wanabahatisha, hilo nitalifungulia uzi wake.

Yule dogo nilimwambia alete sangara. Kaja na kichwa kwenye mfuko wa nailoni, darasa zima limenuka mpaka saa nane. Tulikuwa kwenye sifa za viumbe hai, respiration. Kafunua lile shavu mbele ya wenzake, kaeleza kwa Kiswahili, halafu akageuka ubaoni akaandika mwenyewe: "Fish use gill for take oxygen in water." Hakuna aliyecheka, niliwaonya mapema kwa sababu ya nesi wetu hapa.

Sasa swali. Sentensi kama hiyo kwenye testi nampa maksi au simpi?

Dada_Kisiwani
Mpe! Sayansi iko sawa, samaki anachukua oksijeni iliyo ndani ya maji. Halafu chagua kosa moja tu la kumrekebisha, mimi ningechukua "for take" iwe "to take", hiyo gill kukosa s iache mpaka wiki ijayo. Ukijaza kalamu nyekundu kila mahali anaona damu tu, haoni somo.

Simba_wa_Igoma
Sawa, ila mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija akakuta kichwa cha samaki na Kiswahili ubaoni utamwambia nini?

Ticha_Baiolojia
Anakuja Alhamisi. Dogo nimeshamwambia alete mwingine, ila safari hii awe wa asubuhi hiyo hiyo.