Sindano kuruka kwenye santuri iliyopinda: je, uzito wa mkono ndio chanzo?

Muulizaji: Ndugu zangu, nimefunga katriji mpya (kichwa kidogo kinachobeba sindano) yenye sindano nyumbufu kwenye mkono wa zamani wa gramafoni yangu, wenye umbo la herufi S. Santuri zilizonyooka zinapiga vizuri, lakini zile zilizopinda kidogo kwa joto hurusha sindano, na hata isiporuka naona utando wa spika ya besi ukienda mbele na nyuma polepole, ilhali hakuna besi inayosikika. Nimeongeza mgandamizo wa sindano juu ya santuri hadi kikomo cha mtengenezaji bila nafuu. Mkono umeandikwa gramu 18, katriji ni gramu 6 na unyumbufu wake, yaani ulaini wa sindano inaposukumwa, ni 30.

Jibu la kwanza: Ndugu, utando huo ndio shahidi wako. Mkono na katriji ni mzigo uliokaa juu ya springi, nayo springi ni kishikizo laini cha shina la sindano. Mzigo wa namna hiyo una kasi yake ya kutikisika, na ukisukumwa kwa kasi hiyohiyo hutikisika kupita kiasi. Ili kuipata, zidisha uzito wote kwa unyumbufu, kisha gawa 159 kwa kipeuo cha pili cha jibu hilo. Kwako, pamoja na gramu 1 ya skrubu, ni 25 mara 30, yaani 750, na jibu ni karibu Hz 5.8 (mitikisiko 5.8 kwa sekunde). Mapindo ya santuri husukuma sindano zaidi chini ya Hz 6 au 7, na muziki huanzia takriban Hz 20, ndiyo maana tunalenga Hz 8 hadi 12.

Jibu la pili: Naongezea kwamba gramu 18 hizo hazipimwi kwa mizani. Gramu iliyo kichwani huhesabika nzima, lakini iliyo karibu na egemeo huhesabika kidogo mno, kwa kuwa umbali huzidishwa kwa wenyewe. Hata ukipunguza gramu 5 kwenye kishikio cha katriji, utafika Hz 6.5 tu. Ningebadili katriji: ya gramu 8 yenye unyumbufu wa 10 itakupa Hz 9.7. Angalia tu kipimo cha unyumbufu kilichukuliwa kwa Hz ngapi, maana katriji ya Denon DL-103, kwa mfano, huandikwa 5 kwa Hz 100, na kwa Hz 10 namba hiyo hupanda sana.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nilikuwa na katriji ngumu ya zamani kabatini, nikaifunga jana usiku. Kwenye santuri ileile sindano inapanda kilima na kushuka bila kuachia mtaro, na utando umetulia.