Miaka 17 ya kuchonga mashua kwa tezo na kuziba nyufa kwa kalafati, sasa naambiwa nihamie plastiki. Nishaurini

Kalafati_Matondoni
Assalamu alaikum wandugu.

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, umri wangu 38. Kazi niliianza nikiwa na miaka 21 chini ya ami yangu. Mwanzo nilikuwa wa kuokota misumari na kupika shahamu, mafuta ya kupaka chombo, kisha nikapewa keekee ya kutobolea mbao, na ilipita miaka mitatu kabla sijaruhusiwa kuchonga taruma, mbavu za chombo. Leo nikigonga ubao kwa kifundo cha kidole najua kama una ufa ndani. Kazi hii ndiyo inayolisha watu sita nyumbani kwangu.

Miaka minne sasa nimeajiriwa na karakana moja hapa kisiwani. Juma lililopita tajiri aliniita. Wanafungua sehemu ya kuunda mashua ndogo kwa mbao za plastiki, yale madumu na chupa zinazookotwa ufuoni na kuyeyushwa, na anataka niisimamie mimi. Vijana wanane wa kuwafundisha, ripoti ya kila mwezi kwenye kompyuta, na wageni wakija niwaeleze kazi. Mshahara unapanda kidogo. Jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimejaribu ubao mmoja. Asubuhi niliukata mita nne kamili, ukakaa mahali pake vizuri. Nimetoka kusali adhuhuri, naukuta umerefuka unene wa kidole na katikati umejipinda. Nilikaa chini nikautazama kwa muda. Mti nimeuzoea, najua unachotaka. Huu sijui hata pa kuuanzia. Nikiaibika mbele ya vijana itakuwaje? Na nikifaulu, baada ya miaka mitano mkono wangu utakuwa bado unaujua mti? Ami yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi hii hadi akiwa na miaka 71 na hakushika nyingine. Kompyuta ndiyo kabisa, mimi ni mtu wa simu tu.

Nishaurini kwa ukweli.

Binti_Shela
Waalaikum salaam kaka. Nianze na hiyo kompyuta kwa sababu naona ndiyo inayokutisha zaidi ya unavyosema.

Mimi niliingia kazini kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni. Siku moja mama mwenye nyumba akaniomba nishike daftari la stoo, aliyekuwa akilishika ameolewa Mombasa. Nilitaka kukataa. Baadaye daftari likahamia kwenye kompyuta. Niliandika kwenye karatasi ya boksi kila kitufe na kazi yake, nikaibandika ukutani, na kwa wiki sita nilikuwa nabaki nusu saa baada ya wenzangu kuondoka. Basi. Hakuna siri nyingine.

Machi 2020 ndege za kimataifa ziliposimamishwa, wageni wakakatika kabisa. Tulikuwa kumi na mmoja, tukabaki watatu. Sikubaki kwa kuwa mimi ni bora kuliko wenzangu, wallahi walikuwepo wanaonishinda kwa bidii. Nilibaki kwa kuwa niliweza kutandika, kuhesabu na kujibu barua pepe. Mpaka leo nikikutana nao sokoni roho inaniuma.

Nahodha_Kizingitini
Mwanangu, nimekusoma mara mbili.

Chombo kipya tukikishusha majini, siku ya kwanza kinavuja. Siku ya tatu mbao zimevimba, kimejifunga chenyewe. Wewe hujawahi kukasirika kwa hilo, kwa kuwa umefundishwa kuwa mti unavimba kwa maji. Huo ubao wako unavimba kwa jua. Ni jambo lile lile, limekuja kwa mlango mwingine. Ukate saa sita mchana ukiwa umefura, uone jioni utapungua kiasi gani, andika. Tundu la msumari liwe na nafasi ya kutembea. Fundi asiyejua mti angeuona ubao huo mbovu akautupa. Wewe umekaa chini ukautazama, na mtu wa namna hiyo ndiye tajiri wako anayemtafuta.

Mababu zetu waliunda mtepe, chombo cha tanga cha zamani, bila msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi. Msumari ulipokuja ndia ilibadilika na ufundi ukabaki. Na plastiki yenyewe si ngeni hapa. Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ilishushwa Lamu mwaka 2018, urefu wake mita 9, na mapema 2019 ikafika Zanzibar kwa tanga. Walioiunda ni mafundi wa mti wa hapa hapa, wakiongozwa na Ali Skanda. Sijasikia kuwa mikono yao imesahau tezo.

Mhudumu_Malindi
Nitasema machache. Mwaka 2008 nilikuwa nahudumu mezani hapa Malindi. Meneja akanitaka nijifunze Kiitaliano, hoteli itanilipia mwalimu, kisha nihamie mapokezi. Nilisema nimezoea meza, bakshishi ni nzuri. Akaenda mwenzangu. Leo yeye ni meneja Watamu, mimi nina miaka 49 na magoti hayanibebi tena kusimama kwa muda wa saa kumi. Hakuna aliyenidhulumu. Nenda ndugu yangu.

Afisa_Ajira
Wote mmesema vyema, ila kaka usijibu "ndiyo" ya mdomo. Wako waajiri wanaoita nafasi mpya kumbe ni kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja na nusu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na masharti ya kazi yakibadilika mwajiri ashauriane nawe na akuarifu kwa maandishi. Basi omba barua. Iseme cheo chako, mshahara, saa za kazi, nani anagharamia mafunzo ya kompyuta, na itakuwaje sehemu hiyo ikifungwa: unarudi kwenye mti au unarudi nyumbani? Hilo la mwisho usilione haya.

Pia, una cheti chochote? NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya ufundi kwa waliojifunza kazini, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Waulize kama useremala au uundaji wa vyombo wanautahini karibu nawe. Miaka 17 bila karatasi ni hasara, hasa kwa mtu atakayefundisha wengine.

Kalafati_Matondoni
Shikamoo mzee Nahodha, na nyote ahsanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari.

Nilikata mbao tatu saa sita mchana kama ulivyosema, nikazipima tena alfajiri. Zilipungua karibu sawa zote, na hilo limenipa moyo kuliko chochote.

Kwa tajiri nilikwenda jana na mambo manne kwenye karatasi. Matatu ameyakubali, likiwemo la siku mbili kwa wiki kubaki kwenye mti, na hilo bila ubishi. La nne, la kurudi kazini kwangu sehemu ikifungwa, anasema atalifikiria. Nimemwambia nangoja barua, na kazi huko sianzi mpaka niisome. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilisema.

Dada wa Shela, ile karatasi ya vitufe bado unayo? Ipige picha uniwekee hapa.