Nichague chuo kipi kati ya viwili nisivyoweza kufika kuviona?

Njiapanda: Wakuu, habari za humu. Nimepata nafasi vyuo viwili, na kwenda kuviona siwezi. Cha kwanza kikubwa, picha zake zinavutia. Cha pili kidogo, tovuti yake ya kizamani. Natakiwa kuthibitisha wiki ijayo. Mngechagua kipi?

Kalamu Nyekundu: Kozi gani? Ada analipa nani? Utakaa bwenini au utapanga? Bila hayo unatuomba tupige ramli.

Shangazi Mwalimu: Nenda hicho kidogo, mwanangu. Darasa la watu thelathini mwalimu anakujua kwa jina.

Bwana Ramani: Ukubwa si hoja. Ingia Google Street View, zile picha za barabarani kwenye ramani ya Google, tembea kutoka bwenini hadi darasani, tazama taa za barabarani na kituo cha basi. Ila soma mwezi na mwaka picha ilipopigwa, maana nyingine ni za zamani. Na video za 2020, wakati wa korona, utaona kumbi tupu, msongamano huuoni.

Nimechoka: Video! Mimi nilichagua kwa video. Chumba kilipigwa kwa lenzi pana kikaonekana ukumbi. Kufika, ukifungua mlango unagonga kitanda. Hilo dogo. Maabara waliyotuonyesha ilikuwa ya wanafunzi wa uzamili, sisi wa shahada ya kwanza tuliichungulia kupitia kioo. Na somo lililonipeleka pale halikufundishwa kabisa. Mhadhiri wake alishahama, jina limebaki kwenye tovuti. Nikaenda ofisini, wakanionyesha mstari kwenye prospektasi: "masomo yanaweza kubadilika bila taarifa."

Bwana Ramani: Pole, lakini lenzi pana si utapeli. Hata wapangishaji wa nyumba wanaitumia.

Nimechoka: Kwa hiyo nikalale kwenye lenzi?

Kalamu Nyekundu: Acheni hayo. Ithibati, yaani kutambuliwa rasmi, itafutwe kwenye orodha ya mamlaka ya vyuo yenyewe, si nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo. Tena angalia ya kozi, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi isitambuliwe na bodi ya taaluma. Njiapanda, kozi gani?

Njiapanda: Uuguzi. Bweni sijaomba bado.

Kalamu Nyekundu: Uuguzi, na ulikuwa kimya! Basi uliza mafunzo ya vitendo yako hospitali gani, umbali gani, nauli juu ya nani. Usimuulize balozi wa chuo, yule anayelipwa kukinadi. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili.

Shangazi Mwalimu: Wa mwaka wa pili kazi yao kulalamika.

Kalamu Nyekundu: Ndiyo hao ninaowataka, Shangazi. Malalamiko ya chakula yapuuze. Wakisema wodini wanapangwa wengi kwa mgonjwa mmoja, hapo sikiliza.

Njiapanda: Nimeandikia vyote viwili. Kidogo kimejibu leo leo, lakini swali la nauli wamelikwepa. Kikubwa kimya.

Bwana Ramani: Nitumie jina la hospitali nikupimie njia.

Mgeni Humu: Samahani kuchomekea, hivi bweni likijaa pesa ya maombi inarudishwa?

Nimechoka: Usinikumbushe.